Upepo ukipungua kwenye lori, usikimbilie kununua kompresa

Ukipeleka lori gereji hapa Tanga ukasema geji ya upepo wa breki haipandi, jibu huwa tayari: "Kompresa imekufa, bosi, leta nyingine." Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa malori niliyoendesha, na haya ninayoyasimamia sasa, mara nyingi kompresa, yaani pampu ya upepo, inapiga kazi vizuri tu, upepo ndio unapotelea njiani.

Upepo ukitoka kwenye kompresa unapita kwenye draya inayoukausha, kisha unafika kwenye valvu ya njia nne inayougawa: breki za mbele kivyake, za nyuma kivyake, hendibreki na tela, halafu vikorokoro kama honi. Mpira wa kupitisha upepo wa upande mmoja ukipasuka, valvu inaufungia upande huo ili pande nyingine zibaki na upepo wa kukusimamisha. Ndiyo maana huwa nagombana na vijana wa honi za tarumbeta. Wanatoboa mtungi wa upepo wa breki za nyuma kwa sababu uko karibu, na siku mpira wa honi ukichomoka, breki za nyuma zinaondoka nao. Honi ina tundu lake kwenye valvu.

Kabla hujatoa hela, pima. Weka kabari kwenye matairi, jaza upepo mpaka usikie draya ikipumua (malori mengi huwa kati ya psi 100 na 130, psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), zima injini, achia hendibreki. Kwanza iangalie geji bila kukanyaga kitu. Kisha utingo akanyage breki aishikilie dakika moja nzima. Sindano itashuka kidogo mara tu anapokanyaga, hiyo isikutishe. Kuanzia hapo isipoteze zaidi ya psi 3 kwa lori lisilo na tela, au 4 likiwa na tela. Ikishuka hata kabla ya kukanyaga, tafuta kwenye mitungi, mipira na maungio yake. Ikishuka pale tu anapokanyaga, anza na chemba za magurudumu, yale makopo yanayosukuma breki, maana raba ya ndani huchanika. Maji ya sabuni na brashi yanatosha, povu litakuonyesha.

Sisi wa pwani tuna balaa la pili, maji. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kompresa inaikandamiza ikiwa ya moto, na ikipoa mtungini unyevu unageuka maji na kutulia chini. Kila jioni vuta koki za mitungi yote, usiishie kwenye ule ulio rahisi kufikia, na uangalie kinachotoka. Matone machache ya maji safi si kitu. Maji mengi kila siku, badilisha kichujio cha draya. Ukiona uji wa kijivu wenye harufu ya oili, basi kompresa inapitisha oili, na hapo fundi wako ana haki ya kuitaja.

Kwa wanaopanda Lushoto: ukishuka kurudi Mombo ukiwa na mzigo, weka gia ndogo tangu juu. Ile kanyaga-achia, kanyaga-achia ya kwenye kona za Soni inamaliza upepo, kwa sababu kila ukiachia, upepo uliotumika unatupwa nje. King'ora huanza kulia karibu na psi 60. Kikilia, simama mara moja palipo salama. Ukiendelea, springi za hendibreki, ambazo huzuiwa na upepo, zitajikamatisha zenyewe mahali usipopachagua.

Springi hizo zimo ndani ya chemba za nyuma, zimebanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Fundi akitaka kufungua pete ya chemba bila kuibana springi kwanza kwa bolti yake, mnyang'anye spana na usogee mbali.