Lita 20 nyumbani, kilo 20.6 kwenye mizani

SWALI: Kila asubuhi napima lita 20 za maziwa kwa ndoo yenye mistari. Kituoni mizani husoma kilo 20.6, siku nyingine 20 kamili. Kipi ni sahihi? – Mfugaji, Njoro, Nakuru

JIBU: Kilo 20.6 ndiyo sahihi. Maziwa mazima ni mazito kidogo kuliko maji: lita 1 ina takriban kilo 1.03. Zidisha lita kwa 1.03 upate kilo; gawanya kilo kwa 1.03 upate lita. Kwa hiyo kilo 20 ni kama lita 19.4 tu, na kama unalipwa kwa kilo huku karani akiandika lita zako kana kwamba ni kilo, unapoteza gramu 600 kila asubuhi. Usikubali.

Siku ya kilo 20, anza na povu. Maziwa yakitoka tu kukamuliwa, povu hupandisha mstari bila kuongeza uzito. Yaache yatulie, kisha usome chini ya povu. Pili, hakikisha mtungi mtupu umepimwa, maana uzito wake ukikadiriwa kupita kiasi, anayelipia ni wewe. Tatu, ikague ndoo yenyewe: ijaze maji hadi mstari wa 20 uipime. Ukitoa uzito wa ndoo, zibaki karibu kilo 20. Zikipungua, mistari inadanganya.

Hesabu hii usiihamishie mafuta ya kupikia. Hayo ni mepesi, lita 1 ni kama gramu 920.