Usimfungie tena chumbani

"Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni seremala hapa Moshi, ana miaka 41. Alianza na mbege tukiwa wachumba, siku hizi ni gongo, na asubuhi hawezi kushika msumeno kabla hajazimua. Mwezi uliopita mimi na shemeji tulimfungia chumbani ili aache. Siku ya pili alitetemeka, jasho likamtoka, akaanguka degedege. Usiku akawa anafukuza panya ambao sisi hatuwaoni. Tuliogopa, tukampa gongo kidogo, akatulia. Wifi anasema amerogwa. Kuna mama sokoni anauza unga wa kumtilia kwenye chai kwa siri ili aichukie pombe. Mwanetu wa kwanza, miaka 12, ndiye humfuata baba yake kilabuni usiku. Nimechoka. Mama Watatu."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya panya imenikosesha usingizi.

Hakurogwa. Ile ni arosto ya pombe. Pombe hushika breki ya ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujizoeza kukanyaga mafuta zaidi ili mwili uendelee. Mkiondoa pombe ghafla, breki inaachia huku mguu ukiwa bado kwenye mafuta. Mtetemeko huanza saa chache tu baadaye. Degedege huja zaidi ndani ya siku 2 za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo hufuata, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4, na hapo mtu anaweza kufa. Gongo ilimtuliza kwa sababu ilirudisha breki, basi.

Nakuambia kwa uchungu, maana hata sisi tulifanya hivyo. Kaka yangu tulimfungia stoo mwaka 1998, kwa mapenzi kabisa, na maji ya kunywa tukamwekea. Alipona, ila kumbukumbu haikurudi. Hadi leo ananiuliza mama amekwenda wapi, na mama tulimzika yeye akiwa miongoni mwa wabeba jeneza. Daktari aliyempokea baadaye alitueleza kwamba mlevi wa siku nyingi huishiwa vitamini B1, na ubongo ukiikosa kwa muda mrefu huharibika pasipo kurudi. Sindano za vitamini hiyo, zikiwahi, zingeweza kumwokoa. Hatukujua.

Kwa hiyo msimkatishe pombe nyumbani. Mtu aliyekwisha kuanguka degedege anaachia pombe kitandani hospitalini, si chumbani kwake. Mpelekeni Mawenzi au KCMC, na mseme wazi: anakunywa gongo kila siku, tulipomwachisha alianguka na kuona vitu. Msifiche kwa aibu, maana maneno hayo ndiyo yatakayomwelekeza daktari. Atapewa dawa za kutuliza ubongo, kama dayazepamu, zinazopunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa kama wiki moja. Atapewa B1, na kama anahitaji dripu ya glukosi, mkumbushe daktari kuhusu B1 kwanza. Akianguka tena kabla hamjapanga safari, mpelekeni usiku huohuo.

Huo unga, mwanangu, uache sokoni. Dawa ya kweli ya kumfanya mtu aichukie pombe ipo, inaitwa disulfiramu, na madaktari wa Denmark waliitangaza mwaka 1948. Aliyeimeza akinywa pombe uso humuwaka, hutapika, moyo humwenda mbio, presha inaweza kushuka hadi ikamuua. Ndiyo maana hupewa mtu aliyepimwa, aliyekubali kwa kinywa chake. Mumeo atakunywa chai yako, kisha atakwenda kuzimua kama kawaida. Na kama si disulfiramu, ni nini? Yule mama hawezi kukuambia.

Wiki ya hospitali husafisha mwili tu. Hamu hubaki. Zipo dawa za kuipunguza, kama naltreksoni na akamprosati, ingawa si kila duka la dawa linazo. Muulizeni daktari, na muombe pia mshauri wa kukutana naye kila wiki. Wengi huteleza miezi ya mwanzo. Akiteleza, mrudisheni kwa mshauri siku hiyohiyo, msisubiri afike pale alipokuwa.

Namna ya kumwambia? Asubuhi, akishatulia, kabla hajalewa. Usiseme "wewe ni mlevi." Mwambie ulichokiona: ulianguka, niliogopa utakufa, nataka twende wote Jumatatu. Shemeji awepo, kama anamheshimu. Na uache kumtetea kwa wateja wake. Kitanda kilichochelewa akieleze mwenyewe. Lakini akikupiga au akiwatishia watoto, mazungumzo yamekwisha: ondoka nao, nenda dawati la jinsia polisi.

Umesema umechoka. Lois Wilson wa Marekani alikuwa na mume aliyeacha pombe kabisa, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, na bado akajikuta na hasira asizojua pa kuzipeleka. Mwaka 1951 akashiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi. Mshauri wa mumeo muombe saa yako peke yako. Usingoje yeye apone ndipo wewe uanze.

Nimemweka mtoto mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyeniliza. Miaka 12, kilabuni, usiku, anamshika mkono baba anayeyumba mbele ya watu waliokunywa. Anajifunza kwamba baba asipofika nyumbani ni kosa lake. Mkalishe, umwambie baba ni mgonjwa, ugonjwa huo hakuuleta yeye, na si kazi yake kuutibu. Mwambie anaweza kuyasema haya kwa mwalimu anayemwamini, hatakuwa amemsaliti mtu. Namba 116 ni ya watoto, hailipiwi. Mwandikie kwenye daftari lake.

Na kuanzia leo jioni, baba akichelewa, atafutwe na shemeji. Mtoto ale, afanye kazi za shule, alale.