Mlango wa banda la kuku: anza na mwanya wa chini

SWALI: Mama shikamoo. Mimi niko Mkuranga, nimejenga banda mwenyewe wikiendi kwa wikiendi, nguzo za mkaratusi, kuta chini tofali juu wavu, nimeezeka bati, nina kuku 25 wa kienyeji na vifaranga kama 14 hivi. Umebaki mlango tu na hapo ndo nimekwama mwezi mzima, usiku naegemeza bati na tofali. Fundi wa kuchomelea anataka anitengenezee wa chuma mtupu, mke wangu anasema tutumie ule mlango wa zamani wa chumbani upo tu stoo, jirani anasema piga fremu uweke wavu inatosha. Nichukue upi? Alafu ufungukie ndani au nje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujenga kwa mikono yako. Kabla sijagusa mbao na chuma naomba nikuelezee kitu kimoja kwanza maana kila nikisoma barua ya mlango nakikumbuka.

Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilikuwa na mlango mzuri wa mbao, umepigwa rangi, komeo la nguvu, mtu akija anausifia. Ila ulishuka kidogo ukawa unasugua chini, fundi akaja akaukata ile kona ya upande wa komeo, ikabaki nafasi ya vidole viwili hivi, nikasema si kitu. Asubuhi moja naamka nakuta vifaranga 9 wamelala chini, hawajaliwa, wameng'atwa shingoni tu wakaachwa, na mama yao yuko juu kwenye fito amejikunyata hataki kushuka hata nilipomwita na pumba. Jioni yake nikamwaga jivu pale kizingitini nikalitandaza na mkono, kesho yake nikakuta nyayo ndogo zenye kucha ndefu mbele. Kicheche. Kapita kwenye vidole viwili vile vile. Mpaka leo nikiona mlango wa banda macho yangu yanaenda chini kwanza.

Kwaiyo hilo ndo jibu langu kubwa, mlango uwe wa mbao uwe wa chuma, ukishafungwa kusiwe na sehemu yenye uwazi unaozidi nusu inchi, chini, pembeni, juu, kote. Huko Pwani una kicheche, una kanu, una paka pori, una panya, una nyoka anayefuata mayai na vifaranga, na mchana una nguchiro. Wengi wao wakishapitisha kichwa basi na mwili unafuata.

Sasa tuje kwenye hivyo vitatu. Mlango wa chumbani uache stoo, msamehe mama watoto nia yake ni nzuri lakini ile milango mingi ni plaiwudi mbili na katikati uwazi, ikipigwa na mvua na unyevu wa mbolea inavimba, inaachana, na kwa joto la Mkuranga unaziba hewa upande mzima. Chuma mtupu una nguvu kweli kwa mwizi, ila bati zima linapokea jua linageuka jiko, na ni mzito, nguzo yako ya mkaratusi kama haikuchimbiwa vizuri itainama taratibu na mlango utashuka nayo. Ukitaka chuma mwambie fundi afanye fremu tu ya bomba za mraba na katikati wavu, hapo sawa.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya anachosema jirani, ila kwa masharti. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa tatu, nusu ya chini ubao mzima, nusu ya juu wavu, na wavu wenyewe usiwe ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Ule ni wa kuzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie, paka pori anaukunja na panya anautafuna pale ulipopata kutu. Chukua ule mgumu uliochomelewa wa matundu ya nusu inchi, wa kuanikia kahawa, madukani ukisema kofi trei wanakuelewa. Ubane kwa misumari ya U alafu juu ya misumari upige mbao nyembamba kuzunguka kingo zote ili asipatikane wa kuuvuta.

Na hapa kwenye fremu ndipo mafundi wengi wanakosea. Ule ubao wa mshazari unaozuia mlango usishuke unatakiwa uanzie chini upande wa bawaba uende juu hadi upande wa komeo, ubebe uzito uusukume kwenye bawaba ya chini. Ukiuweka kinyume mlango unalala baada ya mvua za masika mbili tatu, unaanza kusugua, fundi anakuja na msumeno, na wewe unabaki na mwanya kama wangu. Weka bawaba tatu ndefu, sio mbili fupi.

Upana usibane, toroli ipite, sentimita 80 hadi 90. Wengi wanajenga mlango wa kupita mtu akiwa kajikunja alafu siku ya kutoa mbolea wanalia mgongo.

Ufungukie nje. Maranda au pumba za mpunga zinajaa kila wiki, mlango wa kufungukia ndani unakwama juu yake, unalazimisha, na kifaranga aliyejibanza nyuma unamponda bila kumuona. Utasema kuku watatoroka nikifungua, weka kizingiti cha ubao wa sentimita 20 kinachochomoka, yaani pachika vipande viwili pembeni ubao uteleze katikati, siku ya toroli unauvuta juu. Huo ubao ndo unashika maranda yasimwagike na ndo mlango unauegemea kwa nje ukifungwa, uwazi wa chini unakwisha. Chini yake mwaga zege kidogo au laza tofali zichimbiwe futi moja, maana wapo wanaochimba.

Komeo weka mawili, juu na chini. Komeo moja la katikati linaacha kona ya chini inasukumika, jaribu mwenyewe na goti utaona inavyoachia. Kile kijiti cha kuzungusha kwenye msumari usikitegemee kabisa. Kwa ajili ya wezi weka kufuli, na bawaba zifunge kwa bolti zenye nati ndani, kwa sababu mlango wa kufungukia nje bawaba zake ziko nje na skrubu mtu anazifungua kwa dakika chache.

Ukimaliza, usiku ingia na taa ya sola iache inawaka ndani, toka, funga mlango, uzunguke. Panapotoka mwanga ndipo pa kurekebisha. Fanya hivyo tena baada ya masika sababu mbao itakuwa imecheza. Na vifaranga wako 14 kwa sasa walale kwenye tenga lililofunikwa au ndani kwenu mpaka mlango uwe tayari, lile bati la kuegemeza silipendi hata kidogo.

SWALI: Shikamoo mama, niko Kitale, huku usiku ni baridi sana. Mlango wa nusu wavu si utaua kuku wangu? Na kile kimlango chao kidogo nikiweke wapi?

JIBU: Marahaba. Kuku mkubwa mwenye manyoya yake anastahimili baridi kuliko tunavyodhani, kinachomuumiza ni upepo unaompiga akiwa amelala na unyevu uliofungiwa ndani na ile harufu kali ya kinyesi inayochoma macho. Elekeza mlango upande usiopigwa na upepo, fito za kulalia ziwe mbali nao, na usiku teremsha gunia kwenye wavu ila juu kabisa acha kama kiganja hewa itoke. Vifaranga ndo wa kuwatafutia joto.

Kimlango chao kiwe ukutani na sio kwenye mlango mkubwa, upana sentimita 30, kimo 35, kianzie juu ya maranda. Kiwe cha kuteleza juu na chini kwenye mfereji wa mbao, unakivuta kwa kamba ukiwa nje. Kikishashuka chomeka msumari mrefu kupitia ubao na fremu, mnyama asije akakiinua. Magharibi kuku wanaingia wenyewe, we wahesabu kwanza ndo ushushe.