Jirani kaweka spika ya pili, mbona kelele hazijawa mara mbili?

*Shikamoo Babu Fundi. Naishi Kihonda, Morogoro, nyuma ya baa. Walikuwa na spika moja kubwa. Tangu Pasaka wameongeza ya pili, pacha wake kabisa. Nilijiandaa kwa kelele mara mbili, lakini kusema kweli naona zimezidi kidogo tu. Mama mkwe anasema muziki hausikii, anasikia nyumba inatetemeka. Mbwa wetu, wakianza kujaribu maiki tu, mbio chini ya kitanda. Kuku wala hawana habari. Nani kati yetu ana masikio mazima?*
*Mama Watatu, Kihonda*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usingizi. Nimekaa miaka thelathini na ushee kwenye kibanda cha kutengeneza redio, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga, na Jumamosi nilikuwa nafunga mitambo ya bendi kwenye harusi. Kwa hiyo kelele nyingi za mji huu zimepita mikononi mwangu, Mungu anisamehe.

Spika kwanza. Mbili zinazofanana hutoa nguvu mara mbili, hilo kweli. Lakini sikio halihesabu kama muuza duka. Nguvu mara mbili ni nyongeza ya desibeli 3 tu (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), na hapo mtu husema "naona imezidi kidogo", kama ulivyosema wewe. Ili uone kelele zimekuwa maradufu, nguvu inatakiwa iongezeke kama mara kumi, yaani desibeli 10. Mwenye baa angehitaji spika kumi. (Gazeti hili usilisahau pale kaunta kwake.)

Mama mkwe sasa. Zile TV za chogo zilikuwa na kamlio kembamba mno, mitetemo 15,625 kwa sekunde: picha ilichorwa kwa mistari 625, mara 25 kila sekunde, zidisha mwenyewe. Ujanani nilikuwa napita dirishani kwa mtu nikajua TV imewashwa hata kama sauti imefungwa. Siku moja kijana niliyekuwa namfundisha kazi akaniambia, "Mzee, ile TV inalia." Nikaisogelea, nikaweka sikio nyuma ya chogo. Kimya. Nikadhani ananitania. Nikazigeuza TV nne zikatazama ukuta, moja tu imewashwa, nikamwita ndani. Akaenda moja kwa moja akaigusa. Nikabadilisha mara tatu, hakukosea hata mara moja. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi arobaini na tano. Jioni ile nilifunga kibanda mapema.

Ndani kabisa ya sikio kuna mrija uliojikunja kama konokono. Ungeunyoosha ungefika kama sentimita tatu na nusu. Umepangwa vinyweleo vidogo mno. Vilivyo mlangoni hupokea sauti nyembamba, vya ndani kabisa hupokea besi. Vya mlangoni ndivyo huchakaa kwanza, kwa umri na kwa kelele, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Basi mama mkwe besi anaipata vizuri sana. Kilichompotea ni matoazi, na nina hakika hata herufi kama s, f na sh zinamponyoka. Usimpigie kelele. Kaa mbele yake aone mdomo, sema taratibu.

Tena huko kutetemeka asikutanie mtu. Mwaka 1984, huko Portland, Marekani, mtafiti Katy Payne alisimama karibu na tembo akahisi hewa inampiga kifuani kama kinanda kikubwa cha kanisani, na masikioni hasikii kitu. Tembo walikuwa wanaongea kwa sauti iliyo chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, ambapo sikio letu limeshafunga duka. Besi ya baa yenu iko juu kidogo ya hapo, lakini kifua kinaipokea vilevile.

Mbwa yeye mtaji wake uko juu. Sisi mwisho wetu ni kama 20,000, tena kwa vijana. Yeye anafika 45,000 hivi, na sauti nyembamba hata ikiwa hafifu anaikamata kabla yetu. Maiki ikipiga filimbi, wewe unakunja uso, yeye anaona ameonewa. Mwache chini ya kitanda. Na kuku, jamani, ndio nawaonea wivu: vinyweleo vyake vikiharibiwa na kelele vinaota upya. Ningekuwa jogoo ningekuwa bado nasikia TV za chogo.

Cha kufanya: usiombe spika iondolewe, mtagombana. Kufunga madirisha nako kutazuia sauti nyembamba tu, besi itapita ukutani. Nenda mchana, baa ikiwa tupu, umwombe fundi wao aitoe spika ya besi kwenye kona, maana kuta mbili za kona huinenepesha besi bure. Kisha apunguze besi kidogo. Kidogo tu. Watafiti wa sauti, Fletcher na Munson, walionesha mwaka 1933 kwamba sikio letu ni zito kwenye besi: ikiwa kubwa tunaiona, ikishuka hatua chache inatutoka haraka kuliko sauti za katikati. Wateja walio mbele ya spika hawatalalamika, na nyuma kwako itakuwa imeshuka sana.

*Babu Fundi, mbu mdogo vile, mbona kelele zake kubwa kuliko feni?*
*Mwanafunzi, Chake Chake*

Si kubwa, mjukuu wangu, ni za jirani. Mbu akitoka mita 2 akaja sentimita 2 kutoka sikioni, nguvu inayokufikia inazidi mara elfu kumi. Mlio wenyewe ni mabawa, yanapiga mara mia kadhaa kwa sekunde. Anayekufuata ni jike, ndiye anywaye damu. Dume naye anausikiliza mlio huohuo, kwa papasi zake za kichwani zenye manyoya, ila yeye anatafuta mchumba.