Krismasi Unguja: anza na atakayekuchinjia kuku

Dada, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema unahamia Unguja kutoka Mwanza kikazi, watoto wako wana miaka sita na tisa, na unaogopa Krismasi yao ya kwanza huku itapooza, kwa kuwa mtaa mzima ni Waislamu na ndugu wote wamebaki Bara. Ukauliza familia za Kikristo za huku hufanya nini Disemba ikifika. Mimi nimezaliwa Mkunazini, katika nyumba ya babu na bibi mzaa mama, Waanglikana, na Krismasi zangu zote isipokuwa mbili nimezilia hapa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu waliotangulia wamekutajia hoteli za Nungwi na bei zake, na wewe umeuliza mambo ya nyumbani.

Kwetu Krismasi ilikuwa ikianza uani, alfajiri ya tarehe 24, kwa kuku.

Kulikuwa na jirani yetu mlango wa pili, sote watoto tukimwita ami. Akitoka kuswali alfajiri hapiti kwake kwanza, anakuja moja kwa moja kwetu na kisu chake amekizungushia kitambaa. Kisu cha bibi alikuwa hakitumii. Anakijaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba, anakunja kanzu, anachuchumaa karibu na bomba. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kushika mabawa na miguu. Anamwelekeza kuku kibla, anasema Bismillahi, Allahu Akbar, na kisu kinapita mara moja. Kisha anasubiri mpaka kuku atulie kabisa ndipo amwendee mwengine. Akimaliza anaosha kisu, bibi anampa chai ya maziwa na andazi, anakunywa amesimama huku akimwuliza babu misa ni saa ngapi mwaka huu. Pesa hakupokea hata siku moja.

Na walichinjwa wote. Bibi hakuwa na kuku wa wageni na kuku wa nyumbani. Alikuwa akisema chungu kimoja kina mlango mmoja.

Sababu yake ni sinia. Tarehe 25 mchana, sisi tukiwa bado hatujakaa kula, masinia sita ya pilau yalikuwa yakitoka mlangoni kwetu yamefunikwa kawa, kila moja na mlango wake. Kwa desturi ya huku nyama hailiwi mpaka ijulikane nani kachinja, na bibi alitaka anayefunua kawa asiwe na la kujiuliza.

Nitakuhadithia mwaka tuliokosea, maana ndio mwaka nilioelewa. Nilikuwa na miaka saba. Ami alikuwa amekwenda Pemba kwenye karafuu zake, mvua ikamkamata, hakurudi kwa siku aliyosema. Asubuhi ya tarehe 24 mjomba wangu mmoja akaona wakati unapita, akachukua kisu akachinja mwenyewe. Bibi alikuwa sokoni Darajani, na aliporudi akakuta kuku wameshanyonyolewa. Hakuuliza. Akadhani ami amerudi na boti ya usiku.

Kesho yake nikapewa sinia la kwa ami. Mkewe akalipokea kwa mikono miwili, akanibusu, akaniuliza kama anavyouliza mtu mambo ya kawaida: "Ami yako hajarudi, nani kawachinjieni mwaka huu?" Nikamjibu kwa fahari kwamba mjomba kachinja mwenyewe, na hata mmoja hakumtoroka. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwambie bibi ahsante sana, mkono wake hauna mfano." Sinia likarudi jioni limejaa embe boribo, limeoshwa linang'aa.

Siku ya pili akaja mwenyewe, akakaa na bibi jikoni. Sikuyasikia yote, nilimsikia akisema, "Dada yangu, nimewapa wapangaji wa juu, wale Wakristo wenzio, wakala wakashukuru. Sikutaka ulisikie kwa mtu." Bibi akalia. Wakati ule nilidhani amekasirishwa. Baadaye nikiwa mkubwa aliniambia kilichomliza: mwenzake alikuwa amepokea chakula asichoweza kukila, akabeba uzito ule siku nzima peke yake, ili sisi tusione haya siku ya sikukuu yetu.

Tangu hapo sheria ikawekwa, na mimi ninayo mpaka leo nyumbani kwangu Kiembesamaki. Mchinjaji huagizwa mapema, na wa akiba huwepo. Asipopatikana hata mmoja, hapikwi kuku, anapikwa samaki, maana samaki hachinjwi. Krismasi mbili tumekula nguru wa kupaka na wali wa nazi, na hakuna mtoto aliyeulizia pilau.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, dada, ndio huu. Ukishahamia, usisubiri Disemba. Mtafute jirani, mwambie sisi ni Wakristo, tuna sikukuu tarehe 25, tungependa utuchinjie. Hilo ombi litakufungulia mtaa kuliko salamu za mwezi mzima. Na jikoni kwako, kama mlikuwa na mazoea ya kitimoto au pombe sikukuu, chungu cha sinia la majirani kiwe mbali na hayo kabisa. Wao hawatakuuliza. Watakuamini tu, na hiyo amana ni kubwa.

Sinia nalo lina adabu yake. Halirudishwi tupu. Litarudi na visheti, au vileja, au maembe, kwa kuwa Disemba ndio msimu wake, au litakaa kwa jirani mpaka apate cha kutia. Usilifuatilie. Ukienda kuliulizia umemwambia mwenzio kwamba unamhesabia.

Cha kupika zaidi ya pilau: kwetu hakuna keki, kuna mkate wa kumimina. Nitakueleza kwa sababu watoto wako wanaweza kushiriki tangu mwanzo. Mchele unarowekwa usiku wa tarehe 23. Asubuhi unasagwa na tui zito la nazi, hamira na iliki mpaka uwe laini kabisa, ukiupitisha baina ya vidole usihisi chembe. Unaachwa uumuke. Sukari inatiwa baada ya kuumuka, na bibi alikuwa akiongeza ute wa yai uliopigwa. Kisha unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta ikapata moto, na unapaliwa: makaa chini kidogo, makaa juu ya mfuniko mengi zaidi. Hapo ndipo penye kazi. Makaa ya chini yakizidi, mkate unaungua kitako na juu bado uji. Bibi alikuwa hatazami saa. Alikuwa akiinamisha kichwa na kusikiliza, mlio wa mafuta pembeni ukipungua anajua umeshika. Mimi nina oveni na bado nautia makaa, kwa sababu ile harufu ya iliki na moshi wa vifuu vya nazi ndiyo inayowaambia watoto wangu kesho ni Krismasi.

Kuhusu kanisa. Waanglikana tuko Mkunazini, Wakatoliki wako Minara Miwili kule Shangani. Lakini nenda Mkunazini hata kama si kanisa lako, uwapeleke watoto mchana kabla ya misa ya mkesha, wasimame pale. Kila tarehe 24 babu alikuwa akitupeleka mapema na kutusimamisha uwanjani akituhadithia. Pale palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye yule aliyekaa na wazee wa Unguja akajifunza Kiswahili na kukiandikia vitabu. Krismasi ya 1877 watu walisali humo jengo likiwa bado halijakamilika. Babu alikuwa akiihesabu tarehe ile kama birthdei ya ukoo, kwa kuwa bibi yake mzaa baba alilelewa Mbweni, kwenye shamba la misheni walikowekwa walioachiwa huru. Hakujua jina alilozaliwa nalo. Alijua lile la ubatizo tu.

Ndani, sakafuni mbele ya altare, kuna alama ya duara. Tuliambiwa ndipo uliposimama mti waliofungwa watu na kuchapwa. Babu alikuwa hapapiti bila kusimama. Hakuwa na maneno mengi pale. Anasimama, anatushika mabega, kisha tunakwenda kukaa. Mimi nafanya vivyo hivyo na wanangu, na yule mdogo mwaka juzi aliniuliza kama Krismasi ilizaliwa hapa Zanzibar. Nikamwambia yetu ndiyo.

Sasa jambo ambalo nadhani hakuna aliyekutajia. Mwezi wa Ramadhani unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka unakutana na Krismasi. Kwetu ilikuwa 1998, 1999 na 2000. Mwaka wa kwanza watu wazima walikaa kikao kizima: masinia yatatoka mchana vipi na mtaa umefunga? Babu akasema Krismasi haiwi na saa. Tukaenda kanisani asubuhi, mchana sisi watoto tukala kidogo ndani, mlango umefungwa, na tukakatazwa kutoka barazani na kitu mkononi. Pilau likapikwa alasiri. Masinia yakatoka robo saa kabla ya magharibi, na mtaa wetu ukafuturu kwa chakula cha Krismasi. Ami akaja na tende na uji wa pilipili manga, akaketi na babu kwenye mkeka, adhana ilipolia wakaanza pamoja, tende kwa tende. Babu alikuwa hakufunga, ila tangu misa hakuwa ameonja kitu. Hakumwambia mtu, ila bibi aliona.

Mwaka 2000 Idi ikaja siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Nguo mpya zikavaliwa mara mbili. Sisi tukaenda na wenzetu Mnazi Mmoja, tukazunguka majumbani kupokea mkono wa Idi kama wao, na hakuna mlango uliotuuliza ninyi ni wa dini gani. Kwa hesabu ya mwezi, Krismasi ya 2031 na ya 2032 zitaingia tena ndani ya Ramadhani. Yule wako wa miaka sita atakuwa kijana wa kubeba sinia kubwa. Mweleze tangu sasa.

Mengine nitayapitia haraka. Mti: usinunue wa plastiki. Nendeni pwani muokote tawi la mvinje lililoanguka, lisimamishe kwenye ndoo ya mchanga, watoto wakate karatasi za rangi. Kama mtaani kwako kuna mkrismasi, Disemba unakuwa mwekundu wote, tia vishada viwili vitatu. Zawadi kwetu zilikuwa nguo na viatu, vya kuvaliwa siku ile, basi. Kama ndugu watawajia kutoka Dar, wakate tiketi za boti mapema sana, wiki ile bandari ya Malindi hujaa na wageni wa hoteli nao wanashuka. Joto ni kali, kaskazi imeanza kuvuma lakini ndani hakuna upepo, kwa hiyo kula barazani au uani jioni.

Na usishushe mapambo tarehe 2 Januari. Huku shamrashamra haziishi hapo, zinakwenda mpaka Mapinduzi, 12 Januari. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa sita, mji unapiga fashifashi, na watoto wote wanaruhusiwa kuwa macho. Bibi alikuwa akiuacha mvinje wake mpaka asubuhi ya tarehe 12, umeshakauka, majani yanapukutika. Unashushwa, unakatwa, unawashia moto wa chai ya siku ile.

Uliuliza pia kama majirani wataona vibaya mkiimba nyimbo za Krismasi nyumbani. Imbeni. Wakati wa adhana nyamazeni, kisha endeleeni. Kwetu mke wa ami alikuwa akituambia ubeti gani tumeuruka.

Nikiandika haya, kabatini kwangu kuna sinia la jirani lililokuja na biriani Idi iliyopita. Nilitaka kumrudishia na kashata wiki ileile. Akanizuia mlangoni: "Liache likae, shoga. Disemba si hiyo inakuja?"