Jaribio la saini lililorukwa si jaribio lililofaulu

Kwa miezi saba majaribio yetu yalikuwa ya kijani, yaani yamefaulu, kila siku, na katika miezi hiyo yote hakuna saini hata moja iliyokaguliwa. Niligundua kwa bahati. Mwenzangu alinipigia kuuliza kwa nini programu yetu imepokea komiti (rekodi ya mabadiliko ya msimbo) iliyotiwa saini kwa ufunguo uliokwisha muda wake. Nikamjibu kwa uhakika kabisa kwamba haiwezekani, jaribio la hali hiyo tunalo. Nikafungua kumbukumbu za seva ya majaribio, ile inayoyaendesha yenyewe, ili nimtumie ushahidi. Jaribio lilikuwepo kweli. Mbele yake pameandikwa "ok", kisha alama ya reli (#), kisha neno "skip".

Programu yenyewe ni ndogo. Inakaa kati ya hifadhi ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, na seva zinazohudumia wateja, na kazi yake ni kukataa komiti yoyote isiyo na saini ya mtu tunayemtambua. Majaribio yake yalianza kwa kuuliza kama `gpg`, programu ya kutia na kukagua saini, imewekwa kwenye mashine; isipokuwepo, yanajiruka yenyewe. Aliyeandika hivyo alikuwa na nia njema: mtu mpya kwenye timu asikwame siku ya kwanza kwa sababu ya kifaa asichokihitaji. Kisha mwingine, naye kwa nia njema, akabadilisha kontena ya majaribio na kuchukua Debian 12 ile nyembamba ili kazi iende haraka. Ndani yake mna `gpgv`, inayokagua saini tu, kwa kuwa apt, kifaa cha Debian cha kuweka programu, huitumia kukagua vifurushi, lakini `gpg` yenyewe hamna. Tangu siku hiyo majaribio ya saini yakawa yanajiruka, na kwa kuwa mfumo wa ripoti huhesabu lililorukwa kuwa limefaulu, hakuna aliyeona kitu. Katikati ya miezi hiyo mtu alipanga upya msimbo wa kusoma matokeo, na ufunguo uliokwisha muda ukaanza kuhesabiwa kuwa mzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoupigania kuliko mingine yote: ruhusu jaribio lirukwe kwenye kompyuta ya mtu binafsi, lakini kwenye seva ya majaribio kukosekana kwa `gpg` au `ssh-keygen` (kifaa cha saini za SSH) kuwe ni kushindwa. Utekelezaji wake ni mistari michache. Seva nyingi za majaribio huweka kigeu cha mazingira kiitwacho `CI`. Kikiwepo na kifaa hakipo, jaribio lianguke na litaje kifaa kilichokosekana. Wanaotunza Jujutsu, ule mfumo mwingine wa kutunza matoleo, wanafanya hivyohivyo kwenye majaribio yao ya gpg. Sisi tulipoweka kanuni hiyo, kazi ya kwanza iliyoendeshwa ikawa nyekundu papo hapo. Nilifurahi kuiona nyekundu ile.

Baada ya kuirudisha `gpg` kwenye kontena nikajiuliza jambo lililonikosesha usingizi zaidi: hata yakiendeshwa, majaribio haya yanakamata nini? Nikachukua kikaguzi chenyewe, ile kazi inayosema saini ni nzuri au mbaya, nikaibadilisha iseme "nzuri" kila mara bila kuangalia chochote. Kati ya majaribio 23 ya saini, manne tu yaligeuka mekundu. Mengine 19 yalikuwa yanatia saini komiti kisha kuhakikisha kwamba imekubaliwa. Mlinzi anayefungulia kila mtu naye angefaulu mtihani huo.

Fanya jaribio hilo kwako leo. Dakika tano zinatosha, nalo litakuambia ukweli ambao asilimia za msimbo uliopitiwa na majaribio haziwezi kukuambia.

Mengi ya niliyoyaongeza baadaye ni majaribio ya kukataa. Namna ya kughushi komiti nimejifunza kwenye majaribio ya Git yenyewe, faili la `t7510-signed-commit.sh`, na ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unaitoa komiti iliyosainiwa kwa `git cat-file commit`, unabadilisha neno moja kwenye ujumbe kwa `sed`, unairudisha kwa `git hash-object -w -t commit`. Saini imebaki pale pale kwenye kichwa cha `gpgsig`, maandishi yamebadilika, na kikaguzi kisipopiga kelele hapo basi hakifanyi kazi. Git wana jaribio jingine linalobandika herufi ya sifuri (NUL, si tarakimu 0) pamoja na maandishi ya ziada mwishoni mwa komiti, kwa sababu msimbo unaosoma maandishi hadi kwenye sifuri tu ungekagua nusu na kuidhinisha nzima. Lichukue hilo pia.

Halafu kuna saini nzuri ya mtu asiye sahihi. Git haiulizi kama mwenye ufunguo ndiye mwandishi aliyetajwa kwenye komiti. Inauliza kama saini inalingana na maandishi na kama inaujua ufunguo huo. Mimi naweza kuandika jina la bosi wangu kwenye nafasi ya mwandishi, nikasaini kwa ufunguo wangu halali, na `git verify-commit` ikapita. Ikiwa programu yako inaahidi zaidi ya hapo, ahadi hiyo ni yako na jaribio lake ni lako. Sisi hatukuwa nalo.

Katika kusoma matokeo, usitafute maneno ya "Good signature" kwenye maandishi ya gpg. Maandishi hayo hubadilika kwa lugha ya mashine na kwa toleo. Git yenyewe husoma mistari ya hali inayotolewa kwa `--status-fd`, nawe unaweza kupata jibu lake kwa herufi moja ukiomba `%G?` kwenye muundo wa `git log`: G ni nzuri, B mbaya, U nzuri lakini uaminifu wa ufunguo haujulikani, X saini imekwisha muda, Y ufunguo umekwisha muda, R ufunguo umebatilishwa, E haikuweza kukaguliwa, N hakuna saini. Kila herufi ipate jaribio lake. Hitilafu yetu ilikuwa kwenye Y, na jaribio moja lililoendeshwa kweli lingeikamata siku ileile.

Sasa saa na tarehe, ambako ndiko nilikopoteza siku nyingi.

Gpg hulinganisha ukomo wa ufunguo na saa ya sasa, hata kama komiti ilisainiwa ufunguo ukiwa mzima. Maana yake, ufunguo wa majaribio ulioutengeneza bila kutaja ukomo unaweza kupewa miaka michache kimyakimya na programu yenyewe, na asubuhi moja majaribio yataanguka bila mtu kugusa msimbo. Taja ukomo kwa mkono. Ufunguo wa majaribio ya kawaida upewe `never`. Ule unaotakiwa uwe umekwisha, utengeneze kwa `--faked-system-time` ili uzaliwe na kufa zamani. Nimeona watu wanatengeneza ufunguo wa sekunde moja kisha jaribio linasubiri. Seva ikielemewa kidogo, ufunguo unakufa kabla haujatumika, na jaribio linaanguka siku moja kati ya kumi bila mtu kujua sababu.

Upande wa SSH mambo ni tofauti. Git ilianza kukubali saini za SSH kwenye toleo la 2.34, Novemba 2021, na toleo lililofuata likaanza kuangalia uhalali wa ufunguo kwa tarehe ya komiti badala ya leo. Ni jambo zuri, lakini lilinitega. Kwenye faili la watu wanaoruhusiwa niliandika `valid-after="20240301"`, na jaribio langu likasaini komiti ya tarehe 1 Machi 2024, saa saba usiku kwa saa za Dar es Salaam. Kwangu likapita. Kwenye seva likakataa. `ssh-keygen` husoma tarehe hiyo kwa saa za mashine ilipo, na seva ilikuwa kwenye UTC, saa ya marejeo ya dunia, ambako komiti yangu bado ilikuwa saa nne usiku ya tarehe 29 Februari. Sisi wa saa tatu mbele ya UTC tuko kwenye hatari hii kila siku, na kwa sababu saa zetu hazibadiliki kwa majira hatuna kinachotukumbusha. Weka `TZ=UTC` kwenye majaribio yote, na tarehe za kujaribia ziwe mbali na mpaka kwa siku nzima, isipokuwa pale unapojaribu mpaka wenyewe.

Komiti za majaribio ya Git kwa kawaida hazitumii saa ya leo. Saa yao huanza sekunde ya 1112911993 tangu mwanzo wa 1970, kisha kila hatua inaisogeza kwa dakika moja. Nilipoigeuza namba hiyo kuwa tarehe nikakuta ni sekunde ileile ya komiti ya kwanza kabisa ya Git, 7 Aprili 2005. Kwetu ilikuwa saa saba na dakika 13 usiku, tayari tarehe 8. Nimeiga utaratibu huo, na nimeiacha namba vilevile.

Tenga pia mazingira. Mwenzetu mmoja ana `commit.gpgsign=true` kwenye mipangilio yake binafsi, kama anavyopaswa, na kila alipoendesha majaribio dirisha la neno la siri lilimtokea mara kadhaa, majaribio yakasaini kwa ufunguo wake halisi. Hilo ni kosa letu, halikuwa lake. Jaribio lianze kwa kuelekeza `HOME`, `GNUPGHOME` na `GIT_CONFIG_GLOBAL` kwenye folda ya muda, liweke `GIT_CONFIG_NOSYSTEM`, na lifute `SSH_AUTH_SOCK`. Folda ya `GNUPGHOME` iwe na ruhusa 0700 (mwenyewe tu), na jina lake liwe fupi. Ufupi huo una sababu: ajenti wa gpg, programu ya nyuma inayoshika funguo, anaweza kufungua soketi yake (faili la mawasiliano) ndani ya folda hiyo, na Linux haipokei njia ya soketi iliyozidi baiti 108, macOS 104. Folda za muda za seva za majaribio huwa na majina marefu mno, na kosa utakaloliona litakulalamikia ajenti bila kukuonyesha urefu. Mwisho wa jaribio piga `gpgconf --kill all`, la sivyo maajenti watabaki wakiishi kwenye folda zilizokwisha kufutwa.

Funguo za siri usiziweke kwenye hifadhi. Git haihifadhi ruhusa ya 0600 (mwenyewe tu kusoma na kuandika), kwa hiyo ufunguo wa SSH ukitolewa utakuja ukisomeka na wote, na `ssh-keygen` itaukataa. Tengeneza mpya kila mara. Ufunguo wa aina ya Ed25519 hutoka papo hapo. Ukiwa unalinganisha namba (hashi) ya komiti iliyosainiwa, jua kwamba saini ya gpg hubeba wakati wa kusainiwa, hivyo namba itabadilika kila mara. Ya SSH kwa Ed25519 haibebi wakati, lakini itarudia ileile endapo tu umefunga ufunguo na tarehe za komiti.

Limebaki suala la matoleo. OpenSSH 8.7 ilitoka na kasoro kwenye ukaguzi huu, na majaribio ya Git hujiruka yakiikuta. Hapo kuruka ni halali, kwa sababu sababu inajulikana. Kwetu kila ruhusa ya kuruka imeandikwa kwenye faili moja: jina la jaribio, toleo, sababu, na tarehe ya kuiangalia tena. Seva inahesabu yaliyorukwa na kuyalinganisha na faili hilo. Likizidi hata moja, kazi inaanguka. Faili lilianza na mistari tisa. Juzi nimeufuta wa nane, na uliobaki unangoja mashine moja ya zamani iondolewe mwezi ujao.