Maswali Yenu: Dawa Ghali, Meza Moja, Mikataba Miwili

*Ndugu wahariri, mtoto wa dada yangu hapa Antwerp ana SMA, ugonjwa wa misuli. Tunaambiwa Ubelgiji na Uholanzi zilijadili bei ya dawa yake pamoja. Mbona kuvuka mpaka tu masharti yalikuwa mengine? – Msomaji, Antwerp*

Pole kwa kuuguza. Dawa hiyo yaelekea ni Spinraza, sindano inayochomwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Mwaka wa kwanza mgonjwa huchomwa mara sita: nne za mwanzo ndani ya miezi miwili na kidogo, kisha moja kila baada ya miezi minne. Bei iliyotangazwa ilikuwa takriban yuro 83,300 kwa sindano. Piga hesabu: nusu milioni mwaka wa kwanza, robo milioni kila mwaka unaofuata, na tiba haina tarehe ya kumalizika. Mapema 2018 Zorginstituut, taasisi inayoishauri serikali ya Uholanzi kuhusu dawa za kulipiwa na bima, ilisema bei ishuke kwa angalau asilimia 85.

Nchi hizo mbili zilikuwa zimeanzisha mwaka 2015 Beneluxa, ushirikiano wa kutathmini dawa na kujadili bei zake pamoja. Luxembourg iliingia mwaka huohuo, Austria 2016, Ireland 2018. Julai 2018 Ubelgiji na Uholanzi zikakubaliana na mtengenezaji wa Spinraza, kwa bei ya siri. Lakini baada ya kupeana mikono, kila nchi ilirudi nyumbani kuandika mkataba wake. Majaribio makubwa ya dawa hii yalikuwa yamefanywa kwa watoto wachanga na watoto wa miaka 2 hadi 12. Uholanzi, inayodai ushahidi kwa kila kundi la wagonjwa, ilianza na watoto wa chini ya miaka tisa na nusu. Ubelgiji ilifungua mlango hata kwa watu wazima. Kwa hiyo, ukiulizia dawa yoyote iliyojadiliwa pamoja, omba masharti ya nchi unayoishi. Tangazo la pamoja halitakwambia nani analipiwa.

*Mimi ni mfamasia Utrecht. Kwa vitendo, kazi hii ya pamoja huendaje, na hukwama wapi? – Msomaji, Utrecht*

Huanza kwa kampuni kukubali, halazimishwi mtu. Ikikubali, hupeleka faili lilelile la ushahidi wa dawa kwa nchi zote kwa wakati mmoja, na hapo hukwama mara ya kwanza, kwa sababu ya kalenda. Ubelgiji ina siku 180 za kisheria kuamua tangu ipokee ombi. Uholanzi huiweka dawa ghali ya hospitali kwenye *sluis*, yaani lango linalobaki limefungwa mpaka mazungumzo ya bei yaishe. Faili likichelewa wiki chache upande mmoja, upande wa pili saa yake inaendelea kuhesabu.

Kisha wataalamu wa nchi moja huandika ripoti, wa nchi nyingine huihakiki. Mabishano makubwa huwa juu ya swali dogo: dawa hii ni bora *kuliko nini*? Tiba ya kawaida ya Brussels huenda isiwe ya Dublin, na kulinganisha na tiba isiyotumika kwako hakukusaidii. Hapa ndipo muda mwingi unapoliwa, na kwa haki.

Sehemu ya fedha ni ngumu zaidi. Kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili unaopatikana, Uholanzi hutumia kipimo cha hadi yuro 80,000 kwa magonjwa mazito, Ireland yuro 45,000, na Ubelgiji haina kiwango rasmi. Ripoti moja, hukumu tatu. Aidha punguzo ni siri, hivyo makubaliano ya kutunza siri lazima yazihusu nchi zote kabla ya tarakimu ya kwanza kuwekwa mezani. Bila hayo wajumbe watakaa chumba kimoja wasiweze kuambiana kitu.

Matokeo yamechanganyika. Mazungumzo ya pamoja juu ya Orkambi, dawa ya sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu), yalivunjika 2017, na Uholanzi ikapata mkataba wake peke yake mwaka huohuo. Kwa Zolgensma, tiba ya jeni ya SMA inayotolewa mara moja tu, Ubelgiji, Uholanzi na Ireland zilifikia mwafaka 2021.

Kuanzia tarehe 12 Januari 2025, tathmini ya kitabibu ya dawa mpya za saratani, na za tiba ya jeni na seli, hufanywa mara moja kwa Umoja wa Ulaya wote. Dawa za magonjwa adimu zinafuata 2028, nyingine zote 2030. Bei haikuguswa, imebaki mikononi mwa kila serikali.

*Na sisi Afrika Mashariki? – Msomaji, Tanga*

Tuna nusu ya kwanza: kukagua dawa pamoja, si kununua pamoja. Tangu 2012 mamlaka za dawa za nchi za Jumuiya hukaa pamoja kukagua mafaili ya dawa, na TMDA ya Tanzania imo kwenye kazi hiyo. Ila pendekezo la pamoja si cheti. Kampuni bado huomba usajili na kulipa ada katika kila nchi, na pale soko lilipo dogo huenda isijisumbue. Kununua nako ni kila mtu kivyake, kupitia bohari ya dawa ya serikali yake: MSD Tanzania, KEMSA Kenya, NMS Uganda. Ukisikia dawa "imepitishwa na Afrika Mashariki," tafuta jina lake kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA kabla ya kuagiza hata kidonge kimoja.